Uliza Jumamosi Ikoje: Kumtafutia Chuo Kipanga Ambaye Bado Mtoto

Kitindamimba wangu aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 14 na miezi 7. Nilishasomesha kaka zake wawili, nikajiona mzoefu wa udahili, barua na ada. Uzoefu ule haukunifaa kitu. Kaka zake nilikuwa nawatafutia chuo, basi. Huyu ilibidi nimtafutie chuo na malezi kwa wakati mmoja, na viwili hivi havipatikani kwenye prospektasi moja, kile kitabu cha chuo cha kujitangaza.

Nawaandikia wazazi, walezi na mashangazi waliobebeshwa mzigo wa namna hii: mtoto ana kichwa, karuka darasa au madarasa, sekondari imemwishia mikononi, na sasa kila anayepita ana ushauri. Wengi watakuambia tafuta chuo chenye jina. Mimi nasema jina liache mpaka mwisho.

Mtoto mmoja, umri tatu

Kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote, chukua karatasi uandike umri wa mtoto wako mara tatu. Wa kwangu ulisomeka hivi. Kwenye hesabu: 20. Kwenye cheti cha kuzaliwa: 14. Kwenye kukumbuka kwamba kuna fomu ya kurudisha kesho asubuhi: 9, na hapo nimempendelea.

Umri mkubwa kwenye karatasi hiyo ndio unaochagua idara. Umri mdogo ndio unaochagua chuo. Wengi wetu tunachanganya: tunachagua chuo kwa ajili ya yule wa miaka 20, halafu tunayempeleka huko ni yule wa miaka 9 na begi lake.

Kozi moja kwanza

Ukiweza, usimtumbukize mzima mzima. Vyuo vingi vina mlango wa mwanafunzi wa kozi mojamoja, wa jioni au wa masafa, na mlango huo mara nyingi haubani umri kama ule mkubwa. Mwandikishe kozi moja, mwache asome muhula mmoja, umtazame.

Watu wanapenda kumtaja Terence Tao, mwanahisabati wa Australia, kama mfano wa mtoto aliyekimbizwa. Ukifuatilia miaka yake utaona hakukimbizwa. Alianza kuhudhuria kozi za hisabati za chuo kikuu akiwa na miaka 9, lakini shahada yake ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Flinders aliipata na miaka 16. Hapo katikati kuna miaka saba. Alisoma kwenye mji uleule wa nyumbani kwao, Adelaide, kidogo kidogo, sekondari huku na chuo kule. Chuo cha Princeton, Marekani, alikwenda baadaye kwa uzamivu, akaumaliza 1996, na mwaka 2006 akapewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati. Mtoto mwenye kasi ile alipewa nafasi ya kuingia chuoni polepole. Sisi wengine haraka ya nini?

Binti yangu tulimwandikisha takwimu, kozi ya jioni, mara mbili kwa wiki. Kwenye mtihani alifanya vizuri, hilo halikumshangaza mtu. Kilichonishangaza kilitokea wiki ya tatu. Kulikuwa na zoezi la nyumbani, limeandikwa kwenye karatasi ya mpango wa kozi waliyogawiwa siku ya kwanza. Hakuna aliyelitaja darasani tena. Shuleni alizoea mwalimu akumbushe mara tatu, kwa hiyo akaamua moyoni kwamba kisichotajwa kimefutwa. Akapata sifuri. Ilikuwa sifuri ya kwanza ya maisha yake, na alijifungia chumbani mchana kutwa, kiatu kimoja mguuni. Nilisimama nje ya mlango nikimsikia analia, na nakiri sehemu ya moyo wangu ilifurahi: sifuri imekuja kwenye kozi moja, nyumbani, mimi nipo. Ingemkuta na kozi tano, kilomita mia nne kutoka kwangu, sijui.

Watoto hawa hawajawahi kushindwa, kwa hiyo hawajawahi kujifunza kusoma. Wamekuwa wakielewa tu. Siku kuelewa kunapogoma, hawana daftari, hawana ratiba, hawajui kwamba mtu anaweza kumfuata mhadhiri ofisini kuuliza. Kozi moja itakuonyesha hilo kwa gharama ndogo.

Na kabla ya kumsajili kama mwanafunzi wa muda wote, uliza ni milango gani inajifunga nyuma yake. Mfano ninaoufahamu vizuri ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati: mshiriki lazima awe chini ya miaka 20 na asiwe ameshasajiliwa chuo kikuu kama mwanafunzi wa muda wote. Tao alishindana huku akihudhuria kozi za chuo: shaba 1986, fedha 1987, dhahabu 1988, ndio kwanza anatimiza miaka 13. Angesajiliwa rasmi mapema zaidi, zile medali zingebaki ndoto. Ufadhili nao una mitego yake. Upo unaotolewa kwa anayeingia mwaka wa kwanza tu, na kuna vyuo ambavyo mtoto mwenye kozi nyingi mkononi humhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, si wa mwaka wa kwanza. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Prospektasi inasema moja, ratiba inasema jingine

Sasa idara. Mtoto kama huyu anapanda ngazi haraka, kwa hiyo swali la kwanza ni ngazi ina vipago vingapi. Chuo kimoja tulichokipenda sana kiliorodhesha kozi 11 za hisabati za mwaka wa tatu. Nikaomba ratiba halisi ya muhula. Kozi zilizokuwa zikifundishwa ni 4. Nyingine zilikuwa zinasubiri mhadhiri aliyeko masomoni, nyingine zilikuwa hazijafundishwa kwa miaka. Mwanafunzi wa kawaida angemaliza asione pengo. Wangu angegonga dari kabla ya kufika miaka 16. Basi usiombe prospektasi peke yake, omba ratiba za mihula miwili au mitatu iliyopita. Kisha uliza kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kukaa kwenye kozi za uzamili, na nani anatoa kibali.

Halafu mwambie mtoto aandike mwenyewe kwa mkuu wa idara. Si wewe. Wangu aliandika barua pepe tatu kwa vyuo vitatu, akaeleza amesoma nini, anataka nini, ana umri gani. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alinijibu mimi, ingawa barua haikutoka kwangu, maneno matamu, "tunajivunia vipaji," na kadhalika. Wa tatu alimjibu mtoto. Mistari minne. Mstari wa tatu ulikuwa swali la hesabu, na wa nne ulisema: ukishalijaribu, njoo tulizungumze, hata kama hujalimaliza. Binti yangu alikaa nalo siku mbili, hakulimaliza, akaenda hivyohivyo. Ndiye mama mlezi wake wa masomo mpaka leo. Kuna waliosema nimeacha chuo kikubwa nikafuata barua ya mistari minne. Ndiyo, niliifuata.

Kuhusu jina na umaarufu nina neno moja zaidi. Mtoto mdogo chuoni ni habari, na ofisi ya mawasiliano itataka picha. Mmarekani William James Sidis aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, waandishi wakamwandama tangu hapo. Alipokuwa mtu mzima alijificha kwenye kazi ndogondogo za ukarani ili asahaulike. Mwaka 1937 jarida moja likamfukua tena, akalishtaki kwa kuingilia faragha yake, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikamwambia hana kesi. Siku hizi picha haihitaji hata jarida. Muulize msajili: je, mtaandika mahali popote umri wa mwanangu? Sisi tuliomba barua fupi kwamba hawatautangaza. Walicheka kidogo, wakaisaini.

Jumamosi

Kila chuo kinapendeza Jumanne saa nne asubuhi. Mwongozaji anakutembeza, maktaba imejaa, maabara zinanukia dawa, wahadhiri wanapita na makaratasi. Yule wa miaka 20 ndani ya mtoto wako atasema hapahapa. Wewe mshukuru mwongozaji, ondoka, urudi Jumamosi saa kumi na moja jioni bila kuaga mtu.

Kwenye chuo chetu cha pili tulirudi hivyo. Maktaba ilikuwa imefungwa tangu saa nane. Ukumbi wa chakula ulikuwa na kofuli. Wanafunzi walikuwa wanatoka makundi makundi kwenda mjini, wamependeza, wakubwa, sauti za kikubwa. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi za bweni, amelikumbatia begi kifuani kama mtu aliyepitwa na basi. Nikamuuliza mlinzi, "Mwanafunzi akiugua sasa hivi, anamwambia nani?" Akafikiri. Akasema, "Ananiambia mimi." Alikuwa mzee mwema, sina ubaya naye. Ila chuo kile tulikiondoa kwenye orodha tukiwa bado getini.

Masomo huchukua saa ishirini na kitu kwa wiki. Saa nyingine zote ndizo unazozitafutia chuo. Nani atakula naye? Nani ataona kwamba leo hakushuka kula? Wenzake wa darasa watamkopesha daftari, lakini hawatamchukua wanakokwenda usiku, na hawapaswi kumchukua.

Majibu ninayoyajua ni manne, na kila moja lina maumivu yake.

La kwanza ni kukaa nyumbani na kwenda chuo cha karibu. Hili ndilo nililolichagua, na kwa mtoto wa chini ya miaka 16 sioni la kulizidi. Pima tu safari: ikiwa anakaa barabarani saa nne kwa siku, humleti nyumbani, unamleta kitandani.

La pili ni mzazi kuhama naye. Mwingereza Ruth Lawrence aliingia Oxford mwaka 1983 akiwa na miaka 12, baba yake akifuatana naye, akamaliza hisabati 1985 akiwa na miaka 13. Inawezekana, maana imeshafanyika. Lakini fikiria pia kijana ambaye rafiki yake pekee wa chuoni ni baba yake.

La tatu ni programu za kundi, ambamo wadogo huingizwa pamoja. Mtoto akitazama kushoto na kulia anaona wa rika lake, na hilo lina thamani kuliko maabara yoyote. Chuo Kikuu cha Washington, pale Seattle, kina programu ya namna hiyo tangu 1977, na baadaye waliongeza mwaka wa maandalizi ili mtoto afundishwe kuandika insha na kujipangia muda kabla hajachanganywa na wakubwa. Mary Baldwin, Virginia, walianza yao mwaka 1985 kwa ajili ya wasichana. China wana darasa la vijana wenye vipaji kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Hefei, tangu 1978. Simon's Rock, kilichofungua milango 1966, kilikuwa chuo kizima cha walioingia chuoni kabla ya kumaliza sekondari. Hicho mwishoni mwa 2024 kilitangaza kuondoka kwenye makao yake ya Massachusetts, kwa hiyo hata programu yenye historia ndefu iulize: pesa yenu imehakikishwa miaka mingapi, na mkifunga mwanangu anakwenda wapi?

La nne ni kukaa kwa ndugu aliye karibu na chuo. Hapo chagua ndugu, usichague nyumba. Shangazi mwenye chumba kimoja anayeuliza "leo umekulaje?" ni bora kuliko mjomba mwenye ghorofa anayerudi usiku wa manane.

Makaratasi

Fomu ya maombi ya mtandaoni ya chuo kimojawapo ilikuwa na orodha ya miaka ya kuzaliwa. Tulishuka nayo mpaka chini, mwaka wa binti yangu haumo. Nikapiga simu. Dada wa udahili akaniambia, "Mama, chagua mwaka wowote, tutarekebisha akishafika." Nilifunga kompyuta. Si kwa sababu ya orodha, orodha hutengenezwa na watu na hurekebishwa. Ni kwa sababu chuo kilichokuwa tayari kumwandika mtoto wa miaka 14 kuwa na miaka 17 kingekuwa tayari kumtunza kama wa miaka 17.

Omba sera yao iliyoandikwa kuhusu wanafunzi walio chini ya miaka 18. Chuo kilichowahi kupokea mtoto kinayo, au angalau kina mtu anayejua unaongelea nini. Kama hawana, maswali yako ni haya: nani anatoa idhini ya matibabu usiku, maabara zipi haruhusiwi kuingia, safari za mafunzo analala wapi na nani, mkataba wa bweni anausaini nani, na kama ana mtu mmoja mzima, mwenye jina na simu, ambaye kazi yake ni kumjua.

Na jambo lililonipiga usoni: faragha. Muhula wa kwanza nilipiga simu kuuliza matokeo ya majaribio, nikaambiwa kwa adabu kwamba hayo ni ya mwanafunzi. Nikasema mwanafunzi ana miaka 14. Wakasema ndiyo mama, lakini ni mwanafunzi. Nilikasirika, nikazungumza maneno ambayo leo nayaonea haya. Baadaye nikasoma nikakuta si ukorofi wa chuo chetu pekee. Marekani, kwa mfano, sheria ya 1974 ya faragha ya kumbukumbu za elimu huhamishia haki hizo kwa mwanafunzi akianza chuo, awe na umri wowote. Chuo kinaweza kumwonyesha mzazi anayemtegemeza, lakini hakilazimiki. Dawa yake ni ndogo: siku ya kuripoti, mtoto asaini barua ya kuruhusu mzazi apewe taarifa.

Ukishaipata barua hiyo, iweke kabatini. Mama anayewapigia wahadhiri simu anamrudisha mwanawe darasa la tano. Sisi tulikubaliana kwamba Jumapili jioni ananieleza wiki ilivyokuwa, mabaya yakitangulia. Nitapiga simu chuoni iwapo tu Jumapili mbili zitapita bila maelezo. Nimepiga mara moja.

Kwa wanaofikiria udaktari na fani nyingine zinazogusa miili ya watu, tazama mbele kabla ya kuingia. Vyuo vingi haviruhusu aliye chini ya miaka 18 kwenye wodi, na mtoto anaweza kukwama katikati akisubiri birthdei. Hesabu miaka kutoka mwisho kurudi mwanzo. Vivyo hivyo kwa wote: akimaliza shahada na miaka 17, atafanya nini na mwaka unaofuata? Jibu si lazima liwe la uhakika, lakini liwepo.

Mlango wa kutokea

Chuo cha mwisho tulikiamua pamoja, na yeye nilimpa kura ya kukataa. Alikataa kimoja kwa sababu hakupenda kengele yao. Nilibishana naye, kisha nikaacha. Ni yeye atakayeisikia kila siku.

Kabla ya kulipa, uliza tarehe tatu: ya mwisho kubadilisha kozi, ya mwisho kupunguza kozi bila alama kuingia kwenye matokeo, na ya mwisho kuahirisha muhula bila kupoteza nafasi. Tundika tarehe hizo ukutani mnapoziona wote wawili, na mkubaliane mapema kwamba kuahirisha si kudisko, yaani si kuondolewa chuo kwa kufeli. Sisi tulichagua wiki ya sita ya muhula kuwa ya kukaa na kutazama mambo yanakwendaje. Ijumaa ya wiki ile tulikaa mezani na karatasi yetu ya umri tatu. Hesabu bado 20. Cheti, 14. Ule wa fomu ya kesho asubuhi aliufuta mwenyewe akaandika 11, nikamkubalia. Tulipunguza kozi kutoka tano hadi tatu, akaipiga picha fomu kwa simu, akaiweka kwenye begi, na Jumatatu akaisahau nyumbani. Alirudi kuichukua bila mimi kumwambia.